Rebeka Hataki Kubebwa

Pale senta, njia ya kutoka Geita inapokata kona kuelekea kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, kuna mabenchi mawili yaliyotazamana chini ya banda la bati, na katikati yake jiko la mkaa la Bibi Serafina. Kijiwe hicho wachimbaji wamekibatiza Duara Kavu, kwa sababu watu hushinda humo wakichimba maneno kutwa nzima na hakuna aliyewahi kutoka na punje. Ukitaka kujua kwa nini mchele umepanda Kahama, au mvua imechelewa kwa kosa la nani, keti, agiza kikombe, utapewa majibu mengi kuliko uliyoomba. Serafina haiti wateja kwa mdomo. Hushika vikombe viwili vya udongo kwa mkono mmoja, akavigonganisha, ka-ka-ka, na sauti hiyo hufika mpaka kwenye winchi za juu kule. Lakini Jumamosi ile alasiri aligonga kidogo tu, tena kwa mkono mzito, maana moyo wake haukuwa kwenye kahawa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo kwa Walutheri wakubwa hunyamaza na watoto ndio huongoza ibada. Mtoto mmoja hugonga kengele, mwingine husoma matangazo, na kisha watoto wote wa shule ya Jumapili hupanda zile ngazi tatu za madhabahuni, wakajipanga wakiwatazama wazazi, kila mmoja akasema mstari wake wa moyo. Rebeka, mjukuu wa Serafina, alikuwa ameushika wake tangu mpunga ulipovunwa. Aliusema jikoni, aliusema chooni, aliusema mpaka kuku wa nyumbani wakauzoea. Sauti anayo, na akili ya kutosha kuwagawia wengine. Miguu tu ndiyo haijawahi kumkubali tangu azaliwe. Mwaka uliopita wazee wawili wa kanisa walimnyanyua pamoja na kiti chake, kiti kikayumba, wakamtoa na kumshika mmoja kwapani mwingine magotini, gauni likapanda, watoto wakacheka, na mstari wote ukamtoka kichwani. Mwaka huu alimwambia bibi yake neno moja, tena bila kulia:

— Bibi, kusukumwa nakubali. Kubebwa sikubali. Mimi si gunia la mchele.

Neno hilo ndilo lililokuwa limekaa kifuani mwa Serafina alipokuwa akimimina. Alikuwa amemwacha mtoto nyumbani, kajifunika kanga usoni mchana kweupe, naye alijua kwamba jioni ile lazima arudi na jibu, la sivyo kesho Rebeka haendi, na mwakani hatajifunza mstari wowote.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Jilala, mfugaji, ambaye watu humwita Redio. Anatembea na redio ndogo shingoni, haina betri, lakini habari zote anazo yeye. Hajabatizwa, na kila Krismasi huahidi kulifikiria jambo hilo.

— Mwadila, mayu, — akamsalimu Serafina, akimwita mama kwa Kisukuma. — Mbona leo kijiwe kimenuna? Nani kafukiwa?

— Hakuna aliyefukiwa, — akajibu Gregory, mzee wa kanisa, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku ya kazi. Jina lake la kijiweni ni Utaratibu. — Muulize Winchi. Yeye ndiye fundi.

Winchi alikuwa Bartholomeo, mwenye mikono kama makoleo, aliyeendesha winchi ya duara miaka mingi. Mtu asiyekosa jibu. Siku hiyo alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba kimemtukana.

— Ubao ulikuwa mzuri, — akasema.

— Ubao gani?

— Ubao wa kumpandishia Rebeka. Nimeuchonga mwenyewe, mninga mtupu. Nimeuwekea matimba chini, magogo ya kuegemeza kama ya duarani, hautingishiki. Ukipitisha toroli la mawe juu yake utalala usingizi.

— Sasa kosa nini?

Eliya, kijana wa kuosha mchanga wa dhahabu, ambaye siku hizi huenda kusali mjini kwa mtumishi mmoja wa miujiza na kijiweni wanamwita Upako, akashindwa kujizuia. Akaanza kucheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Redio, ngoja nikusimulie. Leo asubuhi tumekusanyika kanisani. Winchi kaweka ubao wake kutoka chini mpaka madhabahuni. Mzee Utaratibu kauombea. Tumepiga makofi. Kwaya ya kina mama imepiga vigelegele. Halafu Bibi kaleta kiti cha mtoto.

— Ehe?

— Ubao ni mmoja. Mwembamba. Wa toroli!

Jilala akauchora ule ubao kichwani mwake.

— Toroli lina tairi moja, — akasema polepole.

— Ndiyo.

— Na kiti cha Rebeka...

— Kina makubwa mawili pembeni na madogo mawili mbele, — akamalizia Eliya. — Kanisa zima tumesimama tunatazama. Matairi kule, ubao huku. Hakuna hata aliyekohoa.

— Gete, kweli kabisa? — akasema Jilala. — Na hakuna mtu aliyeliona hilo kabla? Mtoto anapita hapa na kiti chake kila siku!

— Mimi maisha yangu yote nimeweka ubao wa toroli, — akasema Winchi kwa uchungu. — Mkono ulijiendea wenyewe. Ningeambiwa niweke ubao wa ndege pia ningeweka mmoja.

Serafina hakucheka. Yeye alikuwa bado anaisikia ile sauti ya asubuhi. Watu walipokuwa wamesimama vile, Rebeka aliutazama ubao, akamtazama Winchi, akamwambia kwa adabu, «Asante, babu, ni mzuri.» Kisha akageuza kichwa. «Bibi, twende nyumbani.»

Hilo la asante ndilo lililomwuma zaidi.

— Haya, dawa yake rahisi, — akasema Jilala. — Weka ubao wa pili.

— Tumefikiria, — akasema Winchi. — Yale madogo ya mbele hayafuati njia ya makubwa. Yako ndani zaidi. Ukiweka mbao mbili, makubwa yanapita, madogo yanatumbukia katikati, mtoto anakwenda kifudifudi.

— Weka tatu.

— Mbao ndefu hivyo zimebaki duarani, zimeshika ukuta. Nizitoe, waliomo chini uwazike wewe?

— Ndiyo maana nasema tufuate utaratibu, — akaingia Gregory, akiiweka sawa kola. — Mama Zipora, — akamgeukia Serafina, — mimi nimeshinda nikiliwaza jambo hili. Mtoto abaki chini, pale mbele ya ngazi. Tunampa maikrofoni, tena ile mpya. Sauti yake itasikika kuliko ya wenzake wote. Si ndiyo lengo, kusikika?

— Nilimwambia hivyo, — akasema Serafina.

— Akasemaje?

— Aliniuliza kama wenzake nao watasema kutoka chini. Nikamwambia hapana. Akasema, basi nami niko darasa hilo hilo.

Gregory akanywa kahawa ili apate mahali pa kuficha uso.

— Wazee, mnazunguka nini? — akasema Eliya. Alikuwa amekwisha kuacha kucheka na macho yamemwiva. — Mnahangaika na mbao wakati Mungu yupo? Leo tufunge. Tukeshe. Kesho mtoto anaacha kiti chini, anapanda ngazi kwa miguu yake, moja, mbili, tatu. Nani atabaki bila kuokoka hapa senta? Hata Redio atabatizwa kesho hiyo hiyo!

— Mimi niacheni kwanza, — akasema Jilala.

— Eliya, mwanangu, — akasema Serafina, na sauti yake ilikuwa ndogo. — Yule mhubiri aliyepita hapa na spika zake, unamkumbuka?

— Namkumbuka, Bibi.

— Alimwekea mikono kichwani, akamsukuma na kumwambia simama. Mtoto akamtii. Akajaribu. Akaanguka. Unajua yule mhubiri aliniambia nini mimi mbele za watu? Kwamba nyumbani kwangu hakuna imani. Rebeka aliniuliza usiku ule, «Bibi, kwani imani yangu iko kwenye magoti?» Kwa hiyo kuomba, omba, sikukatazi. Lakini usimwambie asimame.

Eliya akakikunja kikofia chake mkononi. Hakusema tena habari ya kukesha.

Kimya hakidumu Duara Kavu. Winchi alikuwa amekwisha kunyoosha mgongo. Jibu jipya lilikuwa linampanda kutoka miguuni.

— Mnajua, — akasema, — mchungaji alishahubiri hapa. Yule mgonjwa wa kwenye mkeka, nyumba imejaa, mlangoni hapapitiki. Wenzake wanne walifanyaje? Wakapanda juu ya paa, wakalitoboa, wakamteremsha kwa kamba mpaka mbele ya Bwana. Sasa niambieni, watu wa kamba na kutoboa ni kina nani?

— Wachimbaji! — akapiga kelele Eliya, amefufuka.

— Wachimbaji! Wale walikuwa wachimbaji, hakuna ubishi. Mimi naleta winchi yangu. Nafunga kamba kwenye boriti ya kanisa, nafunga pembe nne za kiti, nazungusha taratibu. Mtoto anapaa kama malaika. Na siku yenyewe ni ya malaika Mikaeli!

— Yule aliteremshwa, — akasema Gregory. — Huyu anapandishwa.

— Winchi inakwenda kote kote, mzee.

— Na boriti za kanisa zimeliwa na mchwa. Utateremsha paa, utateremsha mtoto, utateremsha na wazee wa kanisa.

— Basi sikieni, — akasema Eliya. — Tunamrekodi leo kwenye simu. Anasema mstari wake nyumbani, ametulia, kapendeza. Kesho zamu yake ikifika, mtoto mwenzake anainyanyua simu pale juu, watu wanamwona.

— Yaani mtoto abaki nyumbani, simu ndiyo iende kanisani, — akasema Jilala.

— Simu inapanda ngazi, si ndiyo?

— Hata mimi basi mnirekodi, niwe nasali.

Wakacheka, hata Gregory. Winchi peke yake hakucheka. Alikuwa anachora mchangani kwa kidole.

— Kama ubao haukubali kiti, — akasema, — kiti kikubali ubao. Tunatoa matairi yote. Tunafunga moja tu, katikati, la toroli. Nyuma nafunga mishikio. Ubao wangu unatumika vile vile ulivyo.

— Akipinduka? — akauliza Gregory.

— Kupinduka kunatokana na msukumaji. Mimi sijapindua toroli tangu nizaliwe.

— Bartholomeo, — akasema Serafina. Huwa hamwiti kwa jina hilo ila mambo yamefika mbali. — Unataka mjukuu wangu aingie madhabahuni kwenye toroli la mawe?

— Tungelipaka rangi, Bibi.

Hapo Eliya, katika kutaka kuchangia, akatoa neno ambalo labda hakulipima. Alisema kwamba haya yote yana mzizi wake. Kwamba duarani wanasema mama mjamzito akikatiza mdomo wa duara, mwamba wenye dhahabu hukimbia, na mtoto naye huzaliwa na kasoro. Kwamba huenda Zipora, mama yake Rebeka, alikatiza siku moja bila kujua. Kwamba ingefaa kwanza kusafisha hilo, ndipo ngazi zingefuata.

Mkono wa Serafina ulisimama hewani, birika limeinama, kahawa haishuki. Alimwona Zipora kama alivyokuwa siku ile, kalala kwenye godoro la wodi, midomo imemkauka, uchungu umemshika tangu jogoo mpaka jua la utosi, na muuguzi mmoja tu akihudumia wodi nzima. Alisikia ile sauti ya mkunga, iliyochoka: «Mama, mtoto amechelewa kupumua. Mtazame anavyokua. Mpende tu.» Zipora hakuwahi hata kukanyaga huko kwenye maduara. Wakati huo alikuwa akiuza uji stendi ya Kahama, na mpaka leo yuko kule kule na masufuria yake, na ndiye aliyekituma kile kiti juu ya basi, kimefungwa kwa kamba za katani.

Akachukua kikombe cha Eliya kutoka mkononi mwake, akaimwaga kahawa iliyobaki, akakitumbukiza kwenye ndoo.

— Bibi, nisamehe.

— Mama yake alikatiza stendi ya mabasi, — akasema Serafina. — Basi mabasi nayo yamekimbia?

Jilala akakohoa. Yeye ana namna yake ya kuondoa moshi ndani ya nyumba.

— Lakini jamani, mimi mnanishangaza, — akasema. — Mmekaa hapa wachimbaji watupu. Ngazi ni ndefu, mtoto yuko chini. Nyie kazi yenu nini?

— Kuchimba, — akasema Winchi.

— Sasa? Chimbeni madhabahu ishuke.

Eliya akasahau kwamba yumo kwenye adhabu.

— Ishuke?

— Ishuke! Si ni udongo tu ule, mmeujaza na kuuwekea sementi juu? Toeni udongo. Madhabahu ikae sawa na sakafu. Mtoto anaingia moja kwa moja kama ng'ombe anavyoingia lamboni.

— Msithubutu! — Gregory akasimama.

— Na mwamba wa duara letu, — akasema Winchi taratibu, macho yakimwangalia mtu asiyekuwepo, — umelalia upande ule ule wa kanisa.

— Bartholomeo!

— Nasema tu, mzee. Mwamba haujui pa kanisa na pa shamba.

— Kumbe! — Eliya akaruka. — Ndiyo maana nikisali pale mbele huwa nahisi nguvu inatoka chini!

— Hakuna mtu atakayeingia kanisani na sururu! — Gregory akapaza sauti, kola yote imepinda. — Leo mtachimba madhabahu, kesho mtachimba kisima cha ubatizo, kesho kutwa mchungaji atahubiri akiwa ndani ya duara! Hapana. Siruhusu. Nimelitunza kanisa lile kama nyumba yangu. Ule mlango wa mbele naupaka mafuta mwenyewe kila mwezi, kwa mkono wangu, na siruhusu hata mbuzi kujikuna pale!

— Ni mlango mzuri, — akakubali Jilala. Kisha akakaa akikuna shingo chini ya mkanda wa redio. — Mzee Utaratibu, hebu nikuulize mimi nisiyejua ya kanisa. Leo asubuhi kile kiti kiliingilia wapi?

— Mlangoni. Kingeingilia wapi?

— Ule mlango wa mbele si una pande mbili? Mlifungua zote?

— Upande mmoja. Ule mwingine komeo lake gumu, tunaufungua siku za harusi na misiba.

— Na kiti kikapita upande ule mmoja.

— Kikapita, ndiyo. Kwa kubana kidogo.

— Basi kiti kinachopita penye upande mmoja wa mlango, — akasema Jilala, — kikiwekwa juu ya huo huo upande wa mlango, umelala chini, kitatosha. Au mimi hesabu za ng'ombe ndizo zimeniharibu?

Wakacheka wote. Winchi akapiga paja, Eliya akasema Redio leo kaingiza betri. Kisha kicheko kikapungua kimoja kimoja, kama mvua inayoacha bati. Winchi akatazama ule mchoro wake mchangani. Akaufuta. Akachora mwingine.

— Urefu wake unafika, — akasema. — Unapita ngazi zote tatu, na kipande kinabaki. Yale matimba yangu yako pale pale, nayapanua tu. Pembeni napigilia miti, tairi lisikimbie. Juu natandika gunia, lisiteleze.

— Ule mlango wa mninga unabeba mtu? — akauliza Eliya.

— Unabeba ng'ombe.

Macho yote yakamgeukia Gregory. Mzee yule alikuwa amekaa tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeombwa atoe jino. Serafina akaendelea kupanga vikombe. Alimjua tangu wote wakiwa vijana. Ukimsukuma anagoma, ukimwacha anakuja.

— Kanisa lilale bila mlango? — akasema hatimaye. — Kuna maikrofoni mle. Kuna kinanda.

— Mimi nitalala pale, — akasema Jilala. — Nimelala kwenye lango la zizi maisha yangu yote, na fisi wananijua.

— Kumbe leo utaingia kanisani! — akapiga kelele Eliya.

— Siingii. Nalala mlangoni. Mguu mmoja huku, mmoja kule, Mungu mwenyewe aamue.

Gregory akatabasamu bila kutaka.

— Na baada ya ibada unarudi mahali pake?

— Baada ya ibada naurudisha kwa mkono huu, — akasema Winchi. — Na bawaba nazipaka grisi.

— Siku nyingine je? — akauliza Serafina.

Hawakumwelewa mara moja. Ikabidi aseme tena.

— Kesho ni siku ya watoto. Jumapili ile nyingine itakuwa ya nani? Mtoto ana mdomo wa kila wiki.

Winchi akaguna, akasema zile mbao za duarani siku moja zitapata nafasi, atatengeneza ya kudumu, pana, ya sementi ikibidi. Gregory akasema hilo lifikishwe kwenye kikao cha wazee. Akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayelifikisha.

— Na hakuna atakayemshika, — akasema Serafina. — Anasukumwa tu. Tena na mwenzake wa darasani, si mzee mwenye kilemba cha heshima.

— Hatumshiki, Mama Zipora.

Ndipo Serafina akapumua. Akaokota kikombe cha Eliya kutoka kwenye ndoo, akakisuuza, akakijaza, akampa. Kijana akakipokea kwa mikono miwili. Serafina alikuwa tayari anaiona ile kanga ikifunuka usoni mwa Rebeka, anasikia swali litakalofuata, maana lazima lingekuwepo swali: «Mlango upi, Bibi? Ule anaoupenda babu Gregory?» Na angecheka yule mtoto, angecheka mpaka kuku waruke.

Walikuwa wanabishana nani akalete bisibisi ya kufungulia mlango, pikipiki iliposimama kando ya banda. Akashuka mama mmoja ambaye hawakumfahamu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mgongoni amebeba mtoto kwa kitenge. Si mtoto mchanga. Miguu yake ilining'inia mpaka magotini mwa mama yake, na kichwa kimelala begani, kinacheza cheza.

— Shikamooni.

— Marahaba. Karibu, mama.

— Mimi naitwa Asteria, natoka ng'ambo ya mto. Naulizia kanisa la Kilutheri. Nimeambiwa mzee wake hupatikana hapa.

— Ndiye mimi, — akasema Gregory, akinyoosha kola. — Karibu sana. Kanisa lile pale, lenye bati la kijani. Kesho tuna sikukuu kubwa.

— Ndiyo iliyonileta. Gari la matangazo lilipita kwetu. Likasema watoto wote waje, na kila mtoto atasema mstari wake. Nikasikia tena kwamba hapa mna mtoto wa kiti cha magurudumu, na naye anasema. Nikajiambia, basi hapo na sisi tunaweza kufika. Tutalala kwa shangazi yangu hapo chini.

— Umefanya vema! — Winchi akasimama, kifua kimejaa. — Hapa ngazi si tatizo tena, mama. Tumemaliza leo hii. Mtoto wako atapanda kama gari la mzungu.

— Nashukuru, baba. Wangu anaitwa Luka. — Akajisogeza ili uso wa mtoto uonekane. Macho makubwa, yaliyotulia, na mate kidogo kidevuni, ambayo mama aliyafuta bila kutazama. — Yeye ngazi si neno, mimi nimezoea kumbeba, wala hakatai. Ila Luka hasemi. Hajasema tangu azaliwe. Sasa wenzake watakapokuwa wanasema, yeye kesho atafanya nini?

Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, bila shari, akitazama uso huu na ule apewe maelekezo.

Winchi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kiitwe kijiwe, hakukutoka kitu. Gregory alianza kusema «Utaratibu wetu...» akaishia hapo, neno likabaki peke yake hewani. Eliya alitazama chini. Jilala alizungusha kitufe cha redio yake, kana kwamba ingeweza kumsaidia.

Serafina alitaka kumimina, walau mikono ipate kazi. Akainamisha birika. Likatoa tone, na tone jingine, likakauka.

— Kahawa imekwisha, mwanangu, — akamwambia Asteria. — Lakini keti. Keti kwanza, mshushe, mgongo wako upumzike. Mimi naujua mgongo huo.

Wanaume wakabanana, benchi likapata nafasi. Asteria akamfungua Luka, akampakata. Hakuna aliyeondoka, na bisibisi ilikuwa bado haijatafutwa. Serafina akakusanya vikombe vitupu ili avisuuze, akavishika viwili kwa mkono mmoja kama alivyozoea, navyo vikagongana, ka-ka-ka.

Luka akainua kichwa.

Kilikuwa kinacheza cheza bado, lakini kiliinuka, kikageuka upande wa vikombe, na mdomo ukafunguka, na kicheko kikamtoka, kinene, cha tumboni, kikajaza banda lote mpaka yule wa pikipiki akageuka kutazama.

Mama yake akaduwaa. Serafina naye akabaki na vikombe vyake mkononi.

Winchi ndiye aliyesogea mbele, taratibu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza kamba ikitikiswa kutoka chini kabisa ya duara.

— Mayu, — akanong'ona, — hebu gonga tena.